Kadhi Aliyeshika Kalamu

Wewe msomaji uliye Kipsongo, au kwingineko upande wa Kitale na Bungoma, huenda ukauliza: Kadhi wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1947 anihusu nini mimi? Subiri kidogo. Katika nchi ya Wabukusu, baada ya maziko, omuseni wa kumuse husimama mbele ya waombolezaji, akawakumbusha mila na mambo yaliyopita, akawaonya walio hai. Mtu nitakayekusimulia habari zake alifanya kazi iliyo karibu na hiyo, ila yeye aliifanya kwa wino na karatasi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, katika ukoo uliopata kuitawala Mombasa hata mwaka wa 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni, lakini alifariki mwanawe angali mdogo. Kijana akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Tena alisoma kwa wanavyuoni wakubwa wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Wala hakutosheka na vitabu vya kale tu: alisoma pia jarida la Al-Manar, ambalo Rashid Rida alilitoa Cairo akiwahimiza Waislamu waamke na kutafuta elimu.

Basi akawa mjuzi wa sheria ya Kiislamu, ile iamuayo mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Mjuzi wa namna hii ana njia mbili mbele yake. Katika Ulaya ya zamani alikuwako Alberico Gentili, Mwitalia aliyeikimbia nchi yake kwa ajili ya dini, akawa profesa wa sheria ya Kirumi huko Oxford mwaka wa 1587. Kitabu chake mashuhuri juu ya sheria ya vita alikiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Sheikh Al-Amin naye angaliweza kuandika Kiarabu peke yake, akasifiwa na wanavyuoni wenzake. Lakini mwenye duka na mvuvi wangalipata nini?

Mwaka wa 1930 akaanza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka wa 1932 gazeti la Al-Islah, maana yake matengenezo. Humo alisema na watu wake kwa Kiswahili. Aliwalaumu kwa kufuja mali katika arusi na matanga. Aliwahimiza wasomeshe wana wao, wa kike na wa kiume. Aliwataka wajifunze elimu mpya pasipo kuitupa dini yao wala kuwaiga Wazungu kwa upofu. Maneno hayo hayakuwa matamu kwa kila sikio, na gazeti halikudumu miaka mingi. Hata hivyo makala yake yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na kwa hiyo hayakupotea.

Akawa Kadhi wa Mombasa, kisha mwaka wa 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika hata kufa kwake. Aliandika pia, kwa Kiarabu, historia ya utawala wa Mazrui. Mauti yalimkuta hajaimaliza. Ilipigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1995.

Hapa, msomaji, tuzingatie jambo moja. Mtu aandikapo habari za babu zake, je, aweza kuwa mwamuzi wa haki? Ajua mengi ambayo mgeni hayajui, lakini pia ampenda anayemsimulia. Sheria yenyewe yatufundisha la kufanya. Kadhi hakati shauri kwa kusikia upande mmoja; huita na upande wa pili. Nasi tusomapo historia ya Mazrui, yafaa tusome na habari walizoziacha Waomani na Waingereza, kisha tupime. Hivyo hatumvunjii Sheikh heshima. Twamfuata katika kazi yake mwenyewe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wa kwenu wana mali ya namna hiyo vichwani mwao. Waendee wangali hai, uwasikilize wa pande zote mbili, nawe uandike.