Pesa za afya na uhai wa watu: nchi zinatoa nini, zinavuna nini?

Mara nyingi tunasikia kwamba nchi ikitoa pesa nyingi kwa afya, watu wake wataishi siku nyingi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tulinganishe nchi tatu.

Marekani. Mwaka 2022 ilitumia zaidi ya dola 13,000 kwa kila mtu, karibu asilimia 17 ya pato lote la nchi. Hata hivyo, wastani wa umri wa kuishi ulikuwa miaka 77 na nusu. Bei za dawa na za hospitali ziko juu sana kule, na mamilioni ya watu hawana bima.

Kostarika. Nchi hii ndogo ya Amerika ya Kati hutumia karibu asilimia 7 ya pato lake, tena pato lenyewe ni dogo kuliko la Marekani. Lakini watu wake huishi karibu miaka 80. Ilivunja jeshi lake mwaka 1948. Tangu miaka ya 1990 imeweka katika kila mtaa kikundi cha afya: daktari, muuguzi, na mhudumu anayetembelea watu nyumbani. Ugonjwa hukutwa mapema, kabla haujahitaji hospitali kubwa.

Kongo yetu. Tukijumlisha pesa za serikali, za wafadhili na za familia, tunapata karibu dola 20 tu kwa kila mtu kwa mwaka. Wastani wa umri wa kuishi ni karibu miaka 60. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi yetu haijafika hapo.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, dola 20 hazitoshi, hata zikitumiwa vizuri namna gani. Pili, pesa zikiongezeka, njia zinazopitia ndiyo huamua. Kwetu sehemu kubwa hutoka mfukoni mwa mgonjwa siku ile ile anapougua. Ndiyo sababu wengine huchelewa nyumbani mpaka hali iwe mbaya, na mama aliyejifungua anaweza kuzuiliwa hospitalini kwa ajili ya deni.

Makanisa yanahusika moja kwa moja, kwa sababu yanaendesha hospitali nyingi na kusaidia zoni nyingi za afya. Kanisa la Kristo katika Kongo lilianzisha mpango wa SANRU mwaka 1981. Basi katika vikao vyetu tuulize: pesa zetu zinakwenda kwenye majengo, au kwenye chanjo, maji safi na wauguzi wa vijijini? Je, parokia yetu ina mituele ya afya, ambapo kila nyumba huchanga kidogo kidogo kabla ya ugonjwa kubisha hodi?