Merikebu Iliyombebea Adui Yake Chakula

Tarehe 17 Novemba 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Siku tano baadaye, huko Scotland, ilishushwa majini merikebu ya matanga iitwayo Cutty Sark, iliyoundwa kwa mbio za kuchukua chai ya China. Ilizaliwa imechelewa. Meli za moshi zilikata njia kupitia Suez. Mwenye tanga, kwa pepo za Bahari ya Sham zisizotabirika, aliendelea kuizunguka Afrika nzima.

Wengi hudhani mambo yaliishia hapo. La hasha. Meli ya moshi hula makaa ya mawe, na makaa hayo sharti iyakute bandari za mbali. Nani aliyapeleka? Mara nyingi merikebu za matanga, kwa kuwa upepo haununuliwi. Ni kama mpishi anayempikia bwana mpya aliyekuja kumfukuza kazi.

Jambo hili nimelikuta katika hadithi ya Joseph Conrad, "Youth", ya mwaka 1898. Merikebu kuukuu, Judea, inapakia makaa Uingereza kupeleka Bangkok. Dhoruba inaipasua, mabaharia wanafua maji usiku na mchana, inarudi bandarini kutengenezwa, panya wanaihama. Mwishowe inaondoka, na huko Bahari ya Hindi makaa yale yaliyoloa na kuvunjika yanashika moto yenyewe ndani ya ngama. Inatokea meli ya moshi, inaifunga kamba na kuivuta. Basi mwendo ule wa kasi ndio unaoupulizia moto! Msaada wa injini unaimaliza merikebu.

Conrad hakuyabuni yote. Alikuwa ofisa katika merikebu Palestine iliyoungua hivyo karibu na Sumatra mwaka 1883. Mpoland huyu alipata cheti cha unahodha mwaka 1886, lakini vyombo vya matanga vilikuwa vikipungua, na manahodha wenye vyeti wakawa wengi kuliko merikebu. Baharini alipewa chombo kimoja tu kukiongoza, Otago, mwaka 1888. Aliporudi London mwaka 1889 akakaa bila kazi. Ndipo alipoanza kuandika riwaya yake ya kwanza.

Kwa hiyo mapenzi yake kwa tanga nayapokea kwa tahadhari. Katika riwaya yake ya 1897 juu ya merikebu Narcissus yumo baharia Donkin, mdai haki, na Conrad amemchora mvivu, mwizi na mchochezi. Hapo simfuati. Watu wale walipanda milingoti usiku katika baridi kwa ujira mdogo, na anayeuliza habari ya ujira si lazima awe mwizi. Lakini kazi yenyewe, kamba, tanga, zamu na hofu, ameieleza kwa uaminifu wa mtu aliyeifanya kwa mikono yake.

Ajira yake ya mwisho ya ubaharia ilikuwa kwenye meli ya moshi, Adowa, iliyotia nanga Rouen, Ufaransa, mwishoni mwa 1893, ikingoja abiria wahamiaji wa kwenda Canada. Abiria hawakuja. Conrad alikaa chumbani akiandika sura ya kumi ya riwaya yake. Januari 1894 akashuka, wala hakuajiriwa tena baharini.