Relei ndogo inavyoweza kusimamia saa za runinga nyumbani

Na Mwandishi Wetu

WAZAZI wengi mijini huweka sheria ya muda wa kutazama runinga, lakini sheria hiyo huvunjika mara tu mzazi anapokwenda kazini. Relei ya mantiki, kifaa kidogo kinachotumika kuendesha pampu, taa na mageti, inaweza kuisimamia sheria hiyo iwapo itapangwa kwa uangalifu.

Suala hili si dogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa 1 kwa siku, na kwamba muda ukiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Relei hiyo ni nini?

Ni kompyuta ndogo isiyo na kazi nyingine ila kupokea ishara za swichi, kuzipima kwa masharti iliyopewa, kisha kuwasha au kuzima umeme. Mfano unaofahamika ni LOGO! ya kampuni ya Siemens ya Ujerumani, iliyoingia sokoni mwaka 1996. Aina yake ya 230RC ina njia 8 za kupokea ishara na njia 4 za kutoa umeme. Kila njia ya kutoa huhimili hadi ampea 10 kwa mzigo usio na mota, wakati runinga ya wati 100 katika umeme wa volti 230 huvuta chini ya nusu ampea.

Jinsi ya kuipanga

Kitufe cha kwanza huwasha soketi ya runinga na cha pili huizima. Ndani ya programu huwekwa kipimamuda kinachotoa pigo moja kila dakika, pamoja na kihesabu kinachopokea mapigo hayo wakati soketi ikiwa na umeme tu. Kikifika 60, soketi huzimwa na kitufe cha kuwashia hakifanyi kazi tena siku hiyo. Kwa njia hiyo mtoto hutumia saa yake kwa vipande apendavyo. Saa ya ndani hurudisha hesabu kwenye sifuri kila alfajiri.

Hapa wengi hukosea. Relei husoma wakati kwa mfumo wa saa 24, hivyo saa 11 alfajiri huandikwa 05:00. Anayeandika 11:00 atakuwa ameagiza hesabu ianze upya saa 5 asubuhi. Aidha, badiliko la saa za majira ya joto na baridi lifungwe, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina utaratibu huo.

Mianya ya kuziba

Mwanya mkubwa ni kukatika kwa umeme. Kihesabu kisipoamriwa kuhifadhi kumbukumbu, hurudi sifuri kila umeme ukatikapo, na mtoto mwerevu atazima swichi kuu ili ajipatie saa nyingine. Kwa hiyo kihesabu kihifadhi kumbukumbu, lakini hali ya kuwashwa isihifadhiwe, ili runinga isijiwashe yenyewe umeme unaporejea. Umeme ukikosekana kwa siku nyingi, saa ya ndani ikaguliwe.

Mwanya wa pili ni kipimamuda kinachoanza upya kila runinga iwashwapo. Mtoto atakayezima na kuwasha kabla ya dakika kwisha hatahesabiwa lolote. Dawa yake ni kukiacha kipimamuda kikitembea mchana kutwa na usiku kucha.

Mwisho, relei na plagi ya runinga vifungiwe ndani ya sanduku lenye ufunguo, la sivyo plagi itahamishiwa soketi nyingine. Programu nayo ilindwe kwa nywila. Mzazi anaweza kuwekewa swichi ya ufunguo ya kuongeza muda siku za sikukuu.

Mipaka yake

Kifaa hiki hakiwezi kudhibiti simu wala kompyuta ya mkononi, kwani vyote hutumia betri. Kisifungwe kwenye jokofu, wala kwenye kompyuta ya mezani inayoweza kupoteza kazi ikizimwa ghafla. Kwa mizigo mikubwa kama pampu, hutumika pamoja na kontakta. Kazi ya kuunganisha nyaya ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, kwani umeme wa volti 230 huua.