Marafiki wa Kakamega na imani isiyouliza kabila
Kanisa la Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka, lilianza magharibi mwa Kenya mwaka 1902, Wamarekani watatu walipofika Kaimosi. Hawabatizi kwa maji. Huamini kuwa nuru ya Mungu imo ndani ya kila mja, na kubeba silaha kwao ni haramu. Leo hakuna nchi yenye Wakweka wengi kuliko Kenya.

Imani hiyo ilipimwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wakikuyu walifurushwa na nyumba zao zikachomwa, na viongozi wengi wa dini wakafuata kabila. Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa lenyewe lilikiri kuegemea upande. Marafiki hawakungoja hadi hapo. Januari, moto ukiwaka, walikutana mjini Kakamega na kuunda vikundi vyao vya amani. Waliwapelekea waliofurushwa misaada, wakaketi kuwasikiliza, kisha wakawaendea na vijana waliobaki vijijini. Hapo ndipo pagumu. Kumlisha mhanga kila dini husifu. Kuketi na mchomaji hukuletea lawama kwenu.

Sisi wa Pwani tuliiona Likoni, Agosti 1997, wabara wakifukuzwa. Nilikuwa kijana, na sikusema neno.