Nusu Inchi, Meno Kumi na Mawili

Kabla ya mwaka 1841, karakana za Uingereza zilikata bolti kila moja kivyake. Nati ya huku haikuingia kwa bolti ya kule. Ndipo mhandisi wa Manchester, Joseph Whitworth, akapendekeza kipimo kimoja: meno yenye pembe ya digrii 55, na idadi maalum kwa kila inchi. Bolti ya nusu inchi ikapewa meno 12. Baadaye Wamarekani wakaja na yao: nusu inchi ileile, meno 13, digrii 60.

Utasema jino moja ni nini. Mwaka jana jino hilo lilifunga karakana ya mjomba wangu siku tisa.

Mjomba hutengeneza vitanda na meza kando ya Ngong Road. Randa yake ya umeme ni Wadkin, kampuni iliyoanzishwa Leicester mwaka 1897. Mwili mzima ni chuma cha kusubu, vijana wanne hawaiinui. Beringi moja ya rola ya visu ilikufa, mashine ikatetemeka, na mtetemo ukakata bolti inayoshika nyumba ya beringi hiyo. Wateja walikuwa wamelipa nusu, vijana watatu wanangoja mshahara, na mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na kuishi kwa kuandika, ndiye niliyeonekana nina muda. Nikatumwa spea.

Beringi haikunisumbua. Nilipangusa grisi nikasoma namba: 6207. Kila muuzaji anaijua: tundu milimita 35, kipenyo cha nje 72, unene 17, iwe imetoka Sweden, India ama China.

Bolti ndiyo ilinizungusha Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ya milimita 12 ilicheza ndani ya tundu. Ya Kimarekani iliingia mizunguko michache ikagoma. Muuzaji mmoja akaniambia, "Kaza na spana ndefu, bro, itaingia tu." Ingeingia, ndiyo, kwa kula meno ya tundu, halafu visu vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika vingeshikwa na bahati. Karakana jirani kuna kijana mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto. Sikukaza.

Mwishowe nilielekezwa kwa mzee mmoja mkereza chuma, Kariobangi Light Industries. Alitoa vibamba vyembamba vilivyokatwa meno, akavijaribu kimoja kimoja kwenye kipande cha bolti. "Hii ni Whitworth, kijana. Kumi na mbili." Nikamuuliza alisomea wapi. Akacheka. "Kwa Mhindi. Miaka mitatu nilikuwa wa kushika taa na kuosha mashine. Macho ndiyo yaliiba."

Jibu hilo lina historia ndefu. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, na Waingereza walileta zaidi ya Wahindi 30,000 kuijenga. Wengi walirudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki, wakiwemo mafundi wa mbao na chuma kutoka Punjab. Chini ya ukoloni kazi na mshahara vilifuata rangi: fundi Mhindi, msaidizi Mwafrika. Baada ya Uhuru, sheria za 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia, na maelfu ya Waasia wakaondoka kwenda Uingereza. Aliyekuwa akishika taa sasa ndiye aliyejua mashine.

Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieneza jina "sekta isiyo rasmi". Mwaka 1985 Rais Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji, na jua kali ikaanza kutajwa kwenye mipango ya serikali. Lakini majina hayo yanafanya ionekane kama watu walioanza jana kwa sababu ya shida. Mzee wa Kariobangi alipokea ujuzi kutoka kwa mtu, ambaye naye aliupokea kwa mwingine. Chuoni nilifundishwa viwanda kupitia wenye viwanda. Msaidizi aliyeiba kwa macho hakutajwa popote.

Na mnyororo huo unaweza kukatika. Vijana wawili wa mzee wanakata milimita na kuchomelea mageti, manake hiyo ndiyo kazi inayolipa. Uingereza yenyewe ilianza kuhamia mita mwaka 1965. Asipokuwepo wa kusoma meno 12, Wadkin nzima itauzwa skrepu kwa kilo, kwa sababu ya bolti moja.

Mzee alikata bolti nne, manake zilizobaki zina umri uleule. Mjomba alipomaliza kuzifunga alichukua rangi nyeupe akaandika ubavuni mwa mashine: NUSU INCHI, MENO 12, DIGRII 55. BERINGI 6207. Halafu akawaita vijana wake watatu, akamwambia kila mmoja asome kwa sauti.