Kosa la Kuandika: Kutoka Kampala hadi Kasese

Jumapili ya tarehe 27 Novemba 2016, majeshi ya serikali ya Uganda yalipolishambulia kasri la Omusinga (mfalme) Charles Mumbere mjini Kasese, katika machafuko ya siku mbili ambayo shirika la Human Rights Watch lilikuja kuhesabu watu wasiopungua 153 waliouawa, mwandishi Joy Doreen Biira wa televisheni ya KTN ya Nairobi, aliyekuja kwao kwa shughuli ya posa yake, alitiwa mbaroni kwa sababu ya picha za kasri likiteketea, akashitakiwa kusaidia ugaidi. Mashitaka yalifutwa mwaka uliofuata. Lakini nasema bila ya kusita kwamba picha zile zilikuwa haki yetu sisi watu wa Mahango, huko huko Kasese, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa maiti walikuwa wetu.

Dhuluma hii ya kuwakamata waandishi ina asili ya zamani. Oktoba 1968, serikali ya Rais Obote ilimkamata Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition alilolianzisha Kampala mwaka 1961, pamoja na mbunge Abu Mayanja, ambaye kosa lake lilikuwa kuandika humo kuhoji kucheleweshwa kwa uteuzi wa majaji Waafrika. Na mahakama ilipowaona hawana hatia ya uchochezi, sheria iliyorithiwa kwa Waingereza, walirudishwa kizuizini kwa amri ya hali ya hatari.

Mahakama zetu, kwa insafu, zilifuta kosa la habari za uongo mwaka 2004 na uchochezi mwaka 2010. Hata hivyo, Kakwenza Rukirabashaija, aliyetunga riwaya ya tashtiti iitwayo The Greedy Barbarian, alikamatwa Aprili 2020, kisha tena Desemba 2021 kwa maneno ya kumkejeli Rais na mwanawe Muhoozi. Alipotoka, alivua shati mbele ya kamera, mgongo umejaa makovu, akasema nyama ya mapaja yake ilinyofolewa kwa koleo, na Februari 2022 akakimbilia uhamishoni.

Kifungu cha mawasiliano ya kuudhi katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, alichoshitakiwa nacho, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Miezi mitatu kabla ya hukumu hiyo, Rais alikuwa amekwisha kutia saini marekebisho ya sheria ile ile, yenye makosa mapya na vifungo virefu zaidi.