Heshima kwa Walimu wa Dini

Katika taarifa zetu twazoea kutaja fedha na majengo. Safari hii twaona ni wajibu kuwataja watu. Mapadre wa Mill Hill walipoanza kazi Nyanza, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa wachache mno. Wakristo waliokaa mbali na misheni, kama ile ya Asumbi, walimwona padre mara chache. Mwalimu wa dini walikuwa naye daima. Huyo ndiye aliyefundisha katekisimu, aliyeongoza sala za Jumapili na kuwazika wafu. Ujira wake ulikuwa haba.

Mwaka 1960 Jimbo la Kisii liliundwa, askofu wake akiwa Maurice Otunga. Mwaka 1993 likagawanywa, Homa Bay na Migori zikapata jimbo lao chini ya Askofu Linus Okok Okwach. Majina ya maaskofu yameandikwa. Ya walimu wale, mengi hayakuandikwa. Papa Leo wa 13 aliweka nishani ya utumishi mwaka 1888, lakini nishani haivikwi kaburi. Basi twawasihi wanachama: mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, na aandike jina lake na kituo chake, mzee angali akikumbuka.